Kana Ikiwa Nzito, Tazama Tanga Kwanza

Hotuba kwa manahodha vijana na mafundi wa mashua, Lamu

Assalaam alaykum, wazee wangu, manahodha, mafundi, na nyinyi wanangu ambao nguo zenu bado zina chumvi ya leo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa gatini baada ya alasiri, akanijia kijana mmoja, akaniamkia, kisha akaniuliza: "Mzee, usukani wangu niuongeze upana shibiri moja au shibiri mbili?" Nikamuuliza usukani wake una nini. Akanionyesha viganja. Malengelenge mawili mkono wa kulia, moja limeshapasuka. Akasema akitoka na mashua upepo wa kusi ukiwa umekaza, kabla hajaifikia Ras Kitau, ile rasi ya Manda, mikono imekufa ganzi, na mara tatu msimu huu chombo kimemshinda nguvu kikageukia upepo chenyewe. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia jibu ni refu, na wanaolihitaji ni wengi. Yupo hapa leo, namwona pale penye nguzo, na mbele yenu nyote namwambia: mwanangu, usiongeze hata inchi moja ya ubao mpaka nimalize.

Ugonjwa huu sote tumeuonja. Unakwenda bisho, yaani unaukabili upepo kwa kukatakata, tanga limejaa, maji yanafoka ubavuni, na pua ya chombo inataka kupanda joshini, kule upepo unakotoka. Hukuiambia. Wewe unaivuta kana, mpini wa usukani, kifuani kuirudisha, na kadiri upepo unavyozidi ndivyo unavyozidi kuvuta, mpaka unajikuta umekanyaga taruma ili upate nguvu. Ukilegeza kidogo tu, chombo kinaruka juu, tanga linapigapiga, mwendo unakufa. Na kwa matanga yetu haya ya foromali, ule mti mrefu unaolibeba tanga, kikiruka kupita kiasi upepo unalishika tanga kwa mbele, unalibana kwenye mlingoti, na hapo kulitua si kazi ya mtu mmoja. Wako waliolala makaburini kwa sababu hiyo, na wako ambao hawakupata hata kaburi. Baadhi yenu mnawajua kwa majina.

Mtu ugonjwa ukimpata, hukimbilia usukani kwa sababu ndio anaoushika. Ataongeza ubao, ataongeza urefu wa kana, ataongeza mtu wa pili wa kuvuta. Nami nasema usukani ukiwa mzito unakupa habari za mahali pengine. Unakuambia kuna kitu kwenye tanga, au kwenye mzigo, au kwenye mlingoti, ambacho hakijakaa sawa. Tengeneza hicho kwanza. Usukani uje mwisho.

Hapa mbele nina beseni la maji, na ubao mdogo niliouchonga mfano wa mashua. Mlio karibu sogeeni, na mlio nyuma mtasimuliwa. Naweka kidole ubavuni mwa ubao, katikati kabisa, nasukuma. Ubao umekwenda ubavu wote pamoja, haukugeuka. Sasa nakisogeza kidole kuelekea tezi, nyuma ya chombo, kiasi cha upana wa kidole chenyewe, wala si zaidi. Nasukuma. Mmeona? Tezi imekimbia, omo, yaani pua, imegeuka ikanitazama mimi niliyesukuma. Na mimi hapa ndimi upepo.

Siri yote ni hiyo. Upepo unalisukuma tanga lote, lakini ukiujumlisha msukumo huo ni kama kidole kimoja kikubwa kilichowekwa mahali fulani kwenye tanga. Maji nayo yanaushika mkuku wote, ule uti wa chini wa chombo, na ubavu wote, lakini ukiyajumlisha ni kama mkono mmoja uliokishika chombo mahali fulani chini. Kidole cha upepo kikikaa sawasawa na mkono wa maji, chombo kinakwenda kimetulia. Kidole kikiwa nyuma ya mkono, pua inapanda joshini. Kikiwa mbele ya mkono, pua inaangukia demanini, kule upepo unakokwenda. Yote nitakayowaambia usiku huu ni njia za kukisogeza kidole au kuusogeza mkono.

Naanza na njia iliyo kubwa kuliko zote, ambayo watu huisahau kwa kuwa haiuzwi dukani. Chombo kisilale.

Mnaujua mkokoteni. Ukiusukuma kwa mikono miwili unakwenda mbele. Achilia mkono wa kushoto, usukume kwa wa kulia tu: unakata kushoto. Chombo kikikaa wima, tanga liko juu yake na kinasukumwa kama mkokoteni wenye mikono miwili. Kikilala, tanga limetoka nje, linaning'inia juu ya maji upande wa demanini, na upepo unakisukuma kutokea huko nje. Umebaki mkono mmoja. Kitakata kuelekea upande wa pili, nao ni joshini. Zaidi ya hapo, ubavu uliozama una tumbo, na ule ulioinuka umebaki mwembamba majini, kwa hiyo maji yenyewe yanakipinda chombo kwenda juu. Mambo mawili yanavuta upande mmoja, na wewe uko peke yako na kana.

Ule ubao tunaoutoa nje upande wa joshini watu wakakaa juu yake, na ile mifuko ya mchanga tunayoihamisha kila tunapogeuka, wengi mnajua kwamba inazuia chombo kisipinduke. Ni kweli. Lakini mkiwa baharini kesho, fanyeni jambo hili: nahodha ashike kana kwa vidole vitatu, awaambie mabaharia watoke nje wakakae juu ya ubao mmoja mmoja. Vidole vitahisi kila mtu anapokaa. Wa kwanza akitoka, uzito unapungua. Wa pili akitoka, unapungua tena. Siku moja nilimfanyia hivyo mtoto wa jirani yangu, akacheka kwa furaha kama mtu aliyeonyeshwa mlango uliokuwa wazi siku zote. Na mfuko mmoja wa mchanga uliosahauliwa demanini unadhuru mara mbili: haupo pale unapohitajika, na uko pale unapovuta vibaya. Nahodha anayewaacha mabaharia wake wavivu wasihamishe farumi, ile mifuko ya uzito, huo uvivu ataulipa yeye kwa mabega yake.

Haya, huo ni uzito wa joshi na demani. Uko na uzito wa omo na tezi, na huo nilijifunza kwa gharama.

Nilikuwa na miaka 16. Tulipakia mawe Maweni, kule Manda, kuyapeleka Shela kwa mtu aliyekuwa anajenga. Baba ndiye nahodha, mimi nimeshika kana. Maji yalikuwa yanakupwa, tuna haraka tusikwame, tukapakia ovyo: mawe mengi tuliyaacha mbele ya mlingoti kwa kuwa ndipo yalipofikia mikononi. Tukatoka, tukaanza bisho. Tangu mwanzo kana ilikuwa nzito. Mimi nikanyamaza, kwa sababu kijana wa miaka 16 hataki kumwambia baba yake kwamba ameshindwa. Baba aliona ninavyohangaika, akamleta mdogo wangu tuvute wawili. Tulipoanza kupokea mawimbi yanayoingia kwenye mlango kutoka bahari kuu, kana ilikatika pale inapoingia kwenye kichwa cha usukani. Sauti yake ninayo mpaka leo. Usukani ulipokosa wa kuushika, chombo kikapanda joshini mara moja, tanga likashikwa kwa mbele, foromali ikavuma ikija upande wetu. Mdogo wangu alirushwa juu ya mawe, akavunjika mkono juu ya kiwiko. Baba alikata henza, kamba ya kupandishia foromali, kwa kisu, tanga likaanguka nusu chomboni nusu majini, tukasalimika.

Nilidhani atachonga kana nene kuliko ile. Alichonga nyingine ya unene uleule. Halafu akanishika bega, akanipeleka omoni, chombo kikiwa bado na mzigo wake, akanionyesha alama ya maji kwenye mbao. Omo ilikuwa imezama kiganja kizima kuliko kawaida yake, na tezi imeinuka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tazama." Safari iliyofuata tulipakia idadi ileile ya mawe nyuma kidogo ya mlingoti, upepo ni uleule wa kusi, na kana niliishika kwa mkono mmoja.

Sasa mkirudi kwenye beseni mtaelewa. Omo ikizama, mkono wa maji umesogea mbele, kwa sababu sehemu kubwa ya chombo iliyo majini sasa iko mbele. Kidole cha upepo hakijaondoka mahali pake, lakini kimejikuta nyuma. Kwa mashua ndogo isiyo na mzigo, mtu mmoja mnene kukaa mbele ya mlingoti kunatosha kuleta tofauti. Mkiwa bisho na kana imeanza kuvuta, warudisheni watu wawili nyuma hatua moja. Msiwarudishe mpaka tezini, maana tezi ikizama sana inaburura maji na mnapoteza mwendo.

Nakuja kwenye tanga, na hapa nitawakera baadhi yenu.

Kosa linaloonekana kila siku kwenye mashindano yetu ni kukaza demani, yaani kamba ya kulivutia tanga, mpaka mwisho. Kijana anaona mwenzake yuko mbele, anaamini tanga lililokazwa ni tanga lenye nguvu, anavuta demani mpaka mishipa ya shingo inasimama. Tanga lililokazwa hivyo linakilaza chombo, na sehemu yake ya nyuma inauzuia upepo usitoke, kwa hiyo kidole chote cha upepo kinavutwa kuelekea tezi. Ukifanya hivyo umejichimbia shimo kwa jembe lako mwenyewe. Legeza demani mpaka uone sehemu ya mbele ya tanga, pale karibu na foromali, imeanza kutetemeka. Kisha vuta kidogo mpaka itulie. Hapo ndipo. Upepo ukija kwa kishindo, legeza kiasi cha kiganja kabla hujaivuta kana, usingoje chombo kilale ndipo ufikiri. Mshika demani na mshika kana wanapaswa kuelewana bila maneno. Baba yangu na sarahangi wake, mshika demani, walifikia mahali ambapo baba akikohoa, demani inalegezwa.

Jambo la pili ni tumbo la tanga. Tanga jipya tumbo lake liko mbele, karibu na foromali, na sehemu ya nyuma ni bapa, upepo unateleza unatoka. Likizeeka, kitambaa kimenyooka, tumbo linahamia nyuma, na dasi, kamba iliyoshonwa kwenye ukingo wa nyuma, inajikunja kama kiganja kinachokinga maji. Hilo ni tanga la kukuvunja mabega. Msiseme "bado halijachanika." Tanga hufa kabla ya kuchanika. Kama huna fedha za jipya, lifungue lote kutoka kwenye foromali, ulinyooshe upya kwa nguvu toka ncha hadi ncha, ulifunge tena bila mikunjo. Kitambaa kikikazwa kwenye foromali, tumbo linarudi mbele kiasi. Mara nyingi hilo peke yake linampa mtu msimu mmoja zaidi.

Jambo la tatu ni mahali henza inapofungwa kwenye foromali. Ukiifunga karibu zaidi na ncha ya juu, sehemu kubwa ya foromali, na tanga pamoja nayo, inabaki mbele ya mlingoti, kwa hiyo kidole kimekwenda mbele. Sogeza shibiri moja, utoke ujaribu, urudi, usogeze tena. Weka alama ya rangi kila mahali ulipojaribu, maana kumbukumbu ya mtu aliyelowa hudanganya.

Na mlingoti. Wageni huniuliza kwa nini milingoti ya vyombo vyetu imeinama mbele wakati ya kwao imesimama wima au imelalia nyuma. Kwanza, foromali ndefu inahitaji nafasi ya kuning'inia bila kuusugua mlingoti. Lakini mlingoti ulioinama mbele unalipeleka tanga mbele pia, na tanga kubwa kama letu lingekuwa nyuma lingetushinda sote. Sasa kuna mashua ninazoziona zikiwa na kabari zilizolegea mlingotini. Mlingoti umerudi nyuma kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hakuna aliyeona. Chukueni timazi, muitundike toka kileleni mwa mlingoti mashua ikiwa imekaa sawa majini, mpime ni wapi inaangukia. Ukipigilia kabari upya na kukirudisha kilele mbele kiasi cha upana wa viganja viwili, chombo kinaweza kuwa kingine kabisa.

Kisha upepo wenyewe. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake. Upepo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, haukusukumi mara mbili ya upepo wa noti 10, unakusukuma mara nne. Hata kutoka noti 10 kufika 14 tu, msukumo umekuwa karibu maradufu, na mtu aliyeko ufukweni anaona ni upepo uleule umechangamka. Ndiyo maana wazee walikuwa na matanga zaidi ya moja, kubwa la upepo mwepesi na dogo la upepo mkali, na hawakuona aibu kutweka dogo. Leo vijana wengi mna tanga moja, kubwa, kwa sababu tanga kubwa ndilo linalopendeza likipita mbele ya mji. Ninawasihi, wanangu. Kama mashua yako ina tanga moja, shona la pili kabla hujanunua rangi.

Sasa usukani. Naomba ule usukani wa zamani uletwe hapa mbele. Ahsante.

Huu ulikuwa kwenye mashua ya futi 22. Tazameni ukingo wa mbele, huu unaokaa karibu na fashini, mti wa tezini unaoushika usukani. Umekatwa mraba, kama mlango. Na ukingo wa nyuma ni mnene vilevile. Maji yanapofika kwenye pembe hizi yanaachana na ubao, yanazunguka nyuma yake, yanafanya povu. Mkisikia usukani unatetemeka na kuvuma, ni hilo. Samaki hana ubavu wa namna hii. Changu mbele ana mviringo, unene wake mkubwa uko karibu na kichwa, kisha anapungua taratibu mpaka mkiani. Chonga usukani hivyo. Ukingo wa mbele uwe mviringo, unene uwe mkubwa kabisa kwenye theluthi ya kwanza, kisha upungue mpaka ukingo wa nyuma ubaki kama milimita 3, nao uwe bapa usikatike. Nusu siku ya randa na msasa. Sijui kazi nyingine kwenye mashua inayolipa hivi kwa jasho dogo namna hii.

Tazameni tena huku, kwenye rumada, hizi bawaba za chuma. Weka kidole hapa, mwanangu, utikise. Unasikia? Unacheza zaidi ya nusu sentimita. Usukani unaocheza hivi unapiga kelele usiku, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba unakunyima habari. Kana inakwenda kidogo pande zote mbili bila maji kujibu, kwa hiyo mkono hausikii kosa linapoanza, unalisikia likiwa limekua. Toa rumada, upeleke kwa mhunzi, au weka bushi za plastiki ngumu. Na mwanya kati ya usukani na fashini uwe mdogo kadiri mbao zitakavyoruhusu, maana maji yakipenya hapo upande hadi upande, nguvu inavuja.

Sasa pembe. Usukani unaweza kuwa mzito na ukawa bado unafanya kazi, lakini upo mpaka. Ukiugeuza mpaka nyuzi 4 au 5, unakisaidia chombo hata kupanda upepo. Ukifika 10, umeshakuwa breki. Ukipita 15 hivi, maji yanaanza kuachana na ubao, na hapo hata uvute vipi chombo hakikusikii. Baharini hutapima kwa protrakta, kwa hiyo fanyeni hivi. Kana ikiwa na urefu wa mita 1 toka kwenye bawaba hadi ncha, ncha ikisogea sentimita 9 kutoka katikati, hizo ni nyuzi 5. Ikisogea sentimita 18, ni 10. Piga mistari miwili ya rangi kila upande, kwenye ubao unaokuwa chini ya kana. Ukijiona uko kati ya katikati na mstari wa kwanza, endelea na safari yako. Ukivuka mstari wa pili na ukabaki huko, usiendelee kuvuta. Legeza demani, peleka mtu akakae ubaoni, rudisha mtu nyuma. Mistari ile itakuzoeza kutazama tanga kabla ya kutegemea misuli.

Na sasa namjibu kijana wangu. Msukumo wa maji kwenye usukani unakaa karibu robo ya upana wake, kutoka ukingo wa mbele. Ukiongeza upana mara mbili, robo hiyo nayo imekwenda mara mbili mbali na bawaba. Kwa kuwa usukani ni mkubwa, utahitaji pembe ndogo kukirudisha chombo, hilo nakubali. Lakini nguvu ileile, ikikaa mara mbili mbali na bawaba, mkononi mwako ni uzito maradufu. Malengelenge mawili yangekuwa manne, na chombo bado kingelala na tanga lako bado lingekuwa na tumbo nyuma. Kama usukani ni mdogo kweli, uongezee kina, usiuongezee upana. Mrefu na mwembamba unashika maji kuliko mfupi na mpana. Nasi tuna mpaka wetu: vyombo vyetu vinakaa juu ya mchanga maji yakikupwa, usukani usipite chini ya mkuku, la sivyo chombo chote kitakalia rumada.

Fundi mmoja aliniuliza kuhusu sukani zenye sehemu ya ubao mbele ya bawaba, ili maji yasukume pande zote mbili na mkono upumzike. Ni elimu ya kweli na ya zamani. Wachina waliifanya karne nyingi zilizopita, wakatoboa pia matundu kwenye sukani zao kupunguza uzito wa kugeuza. Ukiweka hadi kama sehemu 15 katika 100 za ubao mbele ya bawaba, kana inakuwa nyepesi sana. Ukizidisha, usukani unataka kujigeuza wenyewe, na huo ni hatari kuliko ule mzito. Kwetu, fashini haituachii nafasi mbele, kwa hiyo kwa mashua siipendekezi.

Lakini nyinyi mnaosafiria zile boti ndogo za faiba, kama Laser ya mita 4.2 ambayo ubao wa usukani wake ni wa kukunja, hilo linawahusu moja kwa moja. Ubao usiposhuka mpaka chini kabisa, ukabaki umelalia nyuma, umefanya kinyume chake: maji yote yanasukuma mbali na bawaba na kana inakuwa chuma. Nimewaona vijana wakilaumu upepo saa nzima, kumbe ni kamba ndogo ya kuushushia imelegea. Ikazeni mpaka ubao usimame wima. Na kwa kuwa boti hizo zina ubao wa katikati badala ya mkuku, upepo ukikaza mnaweza kuupandisha kidogo, chombo kikapunguza kulala. Kwa zile nyingine ambazo ubao wake wa katikati unazunguka kwenye pini, ukiupandisha kidogo unarudi nyuma, na mkono wa maji unarudi nyuma pamoja nao, jambo ambalo mashua yenye mkuku wa kudumu haiwezi kulipata.

Naomba nisieleweke vibaya kwa jambo moja, na wazee hapa watanishuhudia. Sitaki muuondoe uzito wote. Chombo kisichopanda joshini hata kidogo ni kibaya. Ukipitiwa na usingizi, au ukateleza ukaanguka ndani ya ngama, tumbo la chombo, chombo kizuri kinapanda upepo chenyewe, kinapunguza mwendo, kinakungoja. Kile kinachoangukia demanini kinazidi kukimbia, tanga linavuka upande wa pili kwa ghafla, foromali inapita juu ya vichwa vya watu. Uzito tunaoutaka ni ule wa kumshika mtoto mkono mkivuka njia: unajua yuko, unajua anataka kwenda wapi, wala hakukokoti. Anayesogeza henza na kabari na mzigo kwa siku moja, vyote kwa pamoja, atavuka mpaka huo bila kujua ni kipi kilichomvusha. Sogeza kimoja. Toka. Jaribu. Rudi.

Kijana wangu wa malengelenge, mashua yako niliitazama jana ikiwa imefungwa. Kabari zako mbili hazipo. Henza yako imefungwa karibu mno na ncha ya chini. Usukani wako upana unautosha, ila ukingo wake ni mraba kama huu.

Bamvua hii, siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yatakupwa kabisa kesho kama saa nne na nusu asubuhi, na mashua nyingi zitakuwa zimekaa mchangani. Nitakuwa pale chini ya gati na randa, msasa na timazi. Ng'oeni sukani zenu mje nazo. Wa kwako tutauanza.